Albamu Moja, Jasho la Wengi

Katika hip hop ya Marekani ya miaka ya 1990, studio ilikuwa na mgawanyo wake wa kazi. Rapa alighani beti, halafu kiitikio akaachiwa mwimbaji, mara nyingi binti aliyenolewa na kwaya ya kanisa, na jina lake likaandikwa kwa herufi za sisimizi nyuma ya kaseti. Lauryn Hill aliuvuruga mpango huo kwa sababu hakuhitaji kuitiwa mtu. Alighani mwenyewe na kuimba kiitikio mwenyewe, na hata sauti za pili na za tatu zinazomsindikiza mara nyingi ni zake, zimerekodiwa moja juu ya nyingine. Ndiyo maana swali lililokuja kumtesa, la nani hasa aliyetunga nyimbo zake, lina uzito kuliko porojo za kawaida za mastaa.

Alizaliwa mwaka 1975 huko New Jersey na kukulia katika mji wa South Orange. Mama yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Baba yake alifanya kazi za kompyuta, na aliwahi kuwa mwimbaji wa harusini na vilabuni. Mama alikuwa na akiba ya santuri ndogo za soul, na binti alizisikiliza akiwa bado mdogo. Hip hop aliikuta mtaani. Kwa hiyo Gladys Knight hakuwa kwake historia ya kusoma. Alikuwa sauti ya nyumbani.

Akiwa na miaka 13 alipanda jukwaa la Apollo, ukumbi wa Harlem unaoogopwa kwa hadhira yake isiyojua huruma, kuimba wimbo wa Smokey Robinson. Alianza kwa woga, sauti ikatetemeka, na ukumbi ukamzomea. Hakushuka. Alikaza sauti, akaimba kwa hasira mpaka mwisho, na waliomzomea wakampigia makofi.

Shuleni, Pras Michel alimwingiza katika kundi, kisha akaja Wyclef Jean. Wote wawili ni wenye asili ya Haiti, na jina la Fugees lilikuwa njia ya kulibeba kwa fahari neno la wakimbizi ambalo Wahaiti walitupiwa kama tusi. Lauryn alikuwa pia mwigizaji. Mwaka 1993 alionekana na Whoopi Goldberg katika filamu ya Sister Act 2. Albamu ya kwanza ya kundi, ya 1994, haikwenda mbali. Ya pili, The Score ya 1996, ilitengenezwa kwa sehemu kubwa katika chumba cha chini ya nyumba ya jamaa ya Wyclef, ikauza mamilioni na kuleta Grammy mbili.

Wimbo uliowapeleka kila redio duniani ulikuwa Killing Me Softly, ambao Roberta Flack aliuvumisha mwaka 1973. Usikilize tena kwa masikio ya fundi. Unaanza kwa sauti za Lauryn peke yake, bila chombo. Ngoma inapoingia ni nzito na kavu, mdundo ambao mashabiki wa A Tribe Called Quest walikwisha kuuzoea, na juu yake karibu hakuna kitu. Prodyuza mwoga angejaza nafasi ile kwa vinanda. Wao waliiacha wazi, ukabaki ule ukwaruzo wa sauti yake, nzito kwa msichana wa umri wake, anayechelewa kidogo nyuma ya mdundo kama asiye na haraka ya kufika.

Kundi lilivunjika muda mfupi baadaye, na mapenzi yaliyoharibika kati ya Lauryn na Wyclef yalichangia. Agosti 1997 Lauryn alijifungua mtoto wake wa kwanza, Zion, aliyemzaa na Rohan Marley, mwana wa Bob Marley. Kulikuwa na watu waliomshauri afikirie kazi kwanza. Aliwajibu kwa wimbo, na gitaa linalosikika humo ni la Carlos Santana.

The Miseducation of Lauryn Hill ilitoka Agosti 1998. Jina lake linatukumbusha kitabu cha 1933 cha Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyesema kwamba shule zilimfundisha Mmarekani mweusi kujidharau. Katikati ya nyimbo kuna vipande vya darasa ambamo mwalimu anawauliza watoto maana ya mapenzi. Mwalimu huyo ni Ras Baraka, ambaye tangu 2014 ni meya wa Newark.

Kazi ilirekodiwa New York, katika studio ya Chung King, na Kingston, Jamaika, katika Tuff Gong ya familia ya Marley. Kuna uamuzi mmoja wa kiufundi unaoeleza mengi. Studio nyingi hupitisha sauti ya mwimbaji katika kompresa, kifaa kinachopunguza pale alipopaza na kuinua pale aliponong'ona, ili sauti yote itoke imenyooka. Lauryn alisema hakupenda kukitumia kwa sababu kinaondoa ngozi ya sauti. Alilelewa na muziki uliorekodiwa kabla ya mashine kujua kulainisha kila kitu. Katika Ex-Factor utasikia pumzi, mikwaruzo, na mahali ambapo sauti inakaribia kukatika. Usafi zaidi ungeuharibu.

Wimbo huohuo una nasaba ndefu. Gladys Knight na kundi lake waliimba The Way We Were, ulioandikwa na Marvin Hamlisch pamoja na Alan na Marilyn Bergman. Wu-Tang Clan wakakata kipande cha sauti hiyo mwaka 1993 wakakijengea wimbo wao. Lauryn akachukua kutoka kwa Wu-Tang, na mwaka 2018 Drake akachukua kutoka kwa Lauryn kutengeneza Nice for What. Kila aliyekopa alipaswa kuandika jina la aliyemkopesha, na orodha ya watunzi ikawa ndefu kama ya wageni wa arusi. Hip hop imejengwa hivyo, na hakuna aibu ndani yake mradi majina yaandikwe.

Tatizo lilikuwa hapo hapo kwenye majina.

Albamu iliuza nakala zaidi ya 420,000 katika wiki ya kwanza nchini Marekani. Februari 1999 Lauryn, mwenye miaka 23, aliondoka na Grammy tano, ikiwemo ya Albamu ya Mwaka, ambayo hadi wakati huo hakuna albamu ya hip hop iliyokuwa imewahi kuipata. Lakini miezi mitatu kabla, vijana wanne waliofanya naye kazi, waliojiita New Ark, walikuwa wamekwenda mahakamani wakidai kwamba walishiriki kutunga na kuprodyuzi nyimbo kadhaa bila kutambuliwa ipasavyo. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2001.

Wasiozoea studio hudhani wimbo una mtunzi kama barua ilivyo na mwandishi. Ndani ya studio sivyo: huyu anapiga kinanda kutafuta kitu, yule anapanga ngoma kwenye mashine, mwimbaji anavumisha melodi bila maneno, na saa nane za usiku kuna wimbo ambao jana haukuwapo. Mwenye jina kwenye utunzi atalipwa mrabaha kila wimbo unapopigwa redioni, kwa miaka na miaka. Aliyelipwa ujira wa siku ameondoka na ujira wake. Kwa hiyo karatasi husainiwa kabla ya kazi, maana sheria ya Marekani, pasipo mkataba, huwahesabu watunzi wa pamoja kuwa na haki sawa. Vijana wenye urafiki huona karatasi hiyo ni kama kutoaminiana.

Rai yangu, ambayo wapenzi wake hawataifurahia, ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Sikio lililochagua lilikuwa la Lauryn. Ladha ileile tayari ilikuwa katika Killing Me Softly kabla ya New Ark kuja. Lakini mikono ilikuwa mingi, akiwemo mwanafunzi wa chuo aliyepiga piano katika Everything Is Everything, ambaye leo dunia inamjua kama John Legend. Sikiliza kilichofuata: MTV Unplugged No. 2.0, iliyorekodiwa 2001 na kutoka 2002. Ni yeye, gitaa, koo lililokwaruza na mazungumzo marefu kati ya nyimbo. Maneno ni makali kuliko mwanzo. Ufundi wa kuyavalisha haupo. Mmoja wa nyimbo hizo, Mystery of Iniquity, ulimvutia Kanye West, aliyetaka kipande chake kwa All Falls Down. Kibali hakikupatikana, akamwita Syleena Johnson akiimbe upya.

Albamu nyingine ya studio haijatoka hadi leo. Miaka ya katikati ilijaa matamasha aliyochelewa kufika na mashabiki waliodai viingilio vyao. Mwaka 2012 alikiri kosa la kutowasilisha ritani za kodi kwa mapato ya karibu dola milioni 1.8, na mwaka uliofuata akatumikia kifungo cha miezi mitatu katika gereza la Danbury, Connecticut. Wakati huo wote albamu ya 1998 iliendelea kuuza: mwaka 2021 ilitunukiwa cheti cha almasi, yaani nakala milioni 10 Marekani pekee, na mwaka 2024 Apple Music iliiweka ya kwanza katika orodha yake ya albamu 100 bora.

Mwaka 2018 mpiga kinanda Robert Glasper alifufua hadharani lawama za zamani, za majina na za ujira. Lauryn alijibu kwa waraka mrefu. Aliwashukuru wanamuziki aliofanya nao kazi, akakana kwamba aliwaibia, na akagusa lalamiko jingine, la kuzibadilisha nyimbo zake jukwaani mpaka watu washindwe kuzifuatisha. Alieleza kwamba bila albamu mpya kwa miaka mingi hawezi kuimba zilezile kwa namna ileile, kwani yeye si roboti. Waliolipa kiingilio ili waimbe Ex-Factor pamoja naye wana haki ya kununa. Mimi matoleo hayo ya jukwaani nayatafuta: anapoharakisha mdundo na kuvunja melodi, ubeti wa kuimba unageuka wa kughani katikati ya mstari, na bendi nyuma yake, kubwa na yenye jasho, inamkimbilia asiwaache.