Mzazi, Mwanao Ataka Kuwa Winga

Karani wa parokia huona mambo mengi yasiyohusu kanisa. Mwezi wa Julai, watu wakiwa wanapukuchua mahindi, baba mmoja alifika ofisini kwangu pamoja na mwanawe. Walitaka cheti cha ubatizo. Nikafungua kitabu, nikashika kalamu. Baba akakohoa kidogo, akasema: "Mwalimu, hapo kwenye mwaka hatuwezi kupunguza miwili? Mtoto acheza winga, ana mbio sana. Kuna bwana mmoja ataka kumpeleka nje, lakini asema wanapenda walio wadogo."

Kijana alitazama sakafu. Mwaka sikuubadili. Lakini sikutaka warudi mikono mitupu, kwa hiyo niliwakalisha nikawapa habari za Simon Msuva. Nawapa na ninyi, kwani najua nyumba nyingi za Songea zina kijana kama huyo.

Msuva alizaliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1993. Kabla ya kujulikana kwa mpira alikuwa mcheza dansi katika kituo cha vipaji kiitwacho THT. Wazee wengi wangesema mtoto huyo amepotea. Kumbe miguu ni ile ile! Winga hupewa mpira kando kabisa, karibu na mstari wa chaki. Mbele yake yupo beki, ubavuni mwake uwanja umekwisha. Hana nafasi ila ile atakayoitengeneza mwenyewe kwa kugeuka upesi na kumwacha mtu akiwa ameegemea upande usio wake. Mbio peke yake hazitoshi. Sungura ana mbio, tena hunaswa kila siku.

Alichezea Moro United, na mwaka 2012 akachukuliwa na Yanga, akiwa na umri wa miaka 18. Fikirini mzigo huo. Yanga ni timu yenye wapenzi kila wilaya, na wapenzi hao hawana subira. Kiungo akikosea katikati, kosa lake hufichwa na wingi wa watu. Winga akipiga krosi ikaenda nje, yuko peke yake pale karibu na jukwaa, na kila neno analotupiwa hulisikia.

Alikaa. Hilo ndilo nililotaka yule baba alisikie. Msimu wa 2014/15 Msuva alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Winga, si mshambuliaji wa kati! Mabao namna hiyo hayamjii winga anayengoja mpira kwenye chaki. Mpira ukiwa upande wa pili, yeye huanza kukimbilia langoni kabla krosi haijapigwa, tena na tena, hata mara tisa akikuta patupu. Yanga walitwaa ubingwa mwaka huo wa 2015, wakautwaa tena 2016 na 2017. Msimu wa 2016/17 alifunga mabao 14, akalingana na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting katika kilele cha wafungaji.

Ndipo, Julai 2017, akaenda Morocco kuichezea Difaâ El Jadida, timu ya mji ulio kando ya bahari ya Atlantiki. Hesabuni nanyi: alikuwa na miaka 23, na nyuma yake kulikuwa na misimu mitano ya Yanga. Hakuna aliyembeba usiku akiwa mtoto.

Nasema "usiku" kwa makusudi. Sheria za FIFA zakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizo za mpira. Tena mkataba wa aliye chini ya miaka 18 hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Basi mtu akija kijijini kwenu akitaka nauli na pasi ya kusafiria ya mtoto wa miaka 15 ili ampeleke Ulaya au Uarabuni kucheza, mwulizeni ni klabu gani, na sheria hiyo ataipitaje.

Na huko kupunguza umri, je? Mwaka 2005 timu yetu ya vijana, Serengeti Boys, ilikuwa imekwisha kufuzu mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 yaliyofanyika Gambia. Ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Zimbabwe wakaenda mahali petu. Wale wengine waliosema kweli walibaki nyumbani pia.

Karatasi nzuri, kwa upande wake, humlinda mtu. Mwaka 2020 Msuva alihamia Wydad ya Casablanca, klabu kubwa kuliko ile ya kwanza. Ukazuka mgogoro wa malipo, shauri likafika FIFA, na mwaka 2022 ikaamuliwa kwamba alipwe. Kijana wa Kitanzania dhidi ya klabu yenye nguvu namna ile! Asingekuwa na mkataba ulioandikwa, angeshika nini mkononi?

Yule kijana aliuliza kama ni lazima kuhamia Dar es Salaam. Swali la haki. Majimaji yetu ilikuwa Ligi Kuu tangu 2015 hadi iliposhuka 2018, na katika miaka hiyo Yanga na wengine walikuja kucheza hapa hapa Songea, watoto wakaona kwa macho. Sikuweza kumdanganya kwamba njia ya hapa ni fupi. Nilimwambia kwanza amalize kidato cha nne, kwani ana mwaka mmoja tu umebaki, na mazoezi ya jioni hayamzuii mtu kusoma.

Baba alikuwa amenyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema: "Mwalimu, mimi kusoma kwangu ni kwa shida. Siku hiyo karatasi ikija, nani atanisomea?"

Nikamwambia ailete hapa, hata ikiwa usiku, kabla kalamu haijaigusa. Kijana akapokea cheti chake chenye mwaka wake wa kweli, akatoka, akaziruka ngazi tatu za ofisi kwa hatua moja. Mbio anazo, sikatai.