UMEME ULIO UKUTANI

Sikukuu zinapokaribia, watu wengi husafisha nyumba zao na kupaka kuta chokaa au rangi. Nyumba iliyopakwa rangi hupendeza. Lakini katika nyumba yenye umeme kazi hii ina hatari yake. Ukutani mna nyaya, swichi na soketi. Brashi iliyolowa huzigusa, na matone ya rangi huingia ndani yake. Tena, mtu apendaye kazi safi hutaka kulegeza vifuniko vyake ili rangi ifike hadi nyuma ya kingo. Katika somo hili tutajifunza kwa nini jambo hilo ni la hatari, na jinsi mafundi wanavyolifanya kwa usalama.

Tuseme baba yake Rehema anataka kupaka rangi sebule. Amekwisha kushika bisibisi ili afungue kifuniko cha swichi ya taa.

"Samahani, baba. Je, umeme umezimwa?" Rehema anauliza.

"Umezimwa, mwanangu. Huoni kwamba taa haiwaki?" baba anajibu.

Je, baba amejibu sawasawa? Kabla ya kusema ndiyo au siyo, fanya jaribio lifuatalo.

JARIBIO

Vifaa: betri moja ya tochi ya volti 1.5, globu mbili ndogo za tochi, vipande vya waya, ubao mdogo, misumari miwili na ukanda mwembamba wa bati.

1. Pigilia misumari miwili kwenye ubao, iachane kidogo. Mmoja uite A, na wa pili uite B. Funga ukanda wa bati kwenye msumari B ili uweze kuusogeza uguse msumari A. Hiyo ndiyo swichi yako.

2. Unganisha waya kutoka ncha ya juu ya betri hadi msumari A. Unganisha waya mwingine kutoka msumari B hadi globu ya kwanza. Kisha unganisha waya wa tatu kutoka globu hiyo hadi kitako cha betri.

3. Sogeza ukanda uguse msumari A. Globu inawaka. Uondoe ukanda kwenye msumari A. Globu inazimika.

4. Uache ukanda ukiwa mbali na msumari A. Sasa chukua globu ya pili na uiunganishe na nyaya mbili. Gusisha waya mmoja kwenye msumari A, na wa pili kwenye kitako cha betri. Unaona nini?

Angalia: Tumia betri ya tochi tu. Usifanye kamwe jaribio hili kwa umeme wa nyumbani.

TUMEJIFUNZA NINI?

Umeme hupita pale tu njia yake inapokuwa imekamilika, yaani inapotoka kwenye betri, ikapita katika globu na kurudi kwenye betri bila kukatika. Njia hiyo huitwa sakiti. Swichi ilipoikata njia, globu ya kwanza ilizimika. Lakini globu ya pili iliwaka, kwa sababu waya kutoka betri hadi msumari A ulikuwa bado umeunganishwa na betri. Ulikuwa unangoja njia nyingine tu.

Hivyo ndivyo ilivyo katika swichi ya ukutani. Waya mmoja huleta umeme hadi kwenye swichi. Huo huitwa waya wa moto. Mtu anapozima taa, huikata njia kutoka swichi hadi kwenye taa. Hauondoi umeme katika waya unaofika kwenye swichi. Kwa hiyo baba yake Rehema alikosea. Taa haiwaki, lakini nyuma ya kifuniko kile umeme upo.

Mtu akigusa waya huo, mwili wake huwa kama globu yako ya pili. Umeme hupita mwilini na kushuka ardhini, nayo ardhi huukamilishia njia ya kurudi. Mwili ulio na jasho, sakafu yenye maji na ngazi ya chuma hurahisisha njia hiyo. Vitu vinavyopitisha umeme, kama vile shaba, chuma na maji machafu, huitwa vipitishi. Vitu visivyopitisha umeme kwa urahisi, kama vile plastiki, mpira na ubao mkavu, huitwa vihami. Lakini kumbuka kwamba ubao ukilowa huacha kuwa kihami cha kutegemewa.

Betri yako ina volti 1.5. Umeme wa majumbani nchini Tanzania una volti 230, yaani zaidi ya mara 150 ya ule wa betri. Globu ya wati 60 hutumia mkondo wa miliampea 260 hivi. Mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani waweza kuhatarisha maisha ya mtu. Kwa hiyo umeme uwashao taa moja watosha sana kuua.

FUNDI HUFANYAJE?

Kufungua swichi na soketi si kazi ya watoto. Ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Hata hivyo yafaa ujue hatua anazofuata, ili uweze kumkumbusha mtu anayetaka kuziruka.

Kwanza, fundi hukijaribu kipimo chake mahali anapojua kwamba pana umeme. Kipimo kibovu husema hapana umeme hata pale ulipo.

Pili, huzima swichi kuu, ile iliyo karibu na mita. Kama nyumba ina jenereta au umeme wa jua, navyo huvizima. Kisha hubandika karatasi yenye maneno USIWASHE, na kuwaarifu watu wote wa nyumbani.

Tatu, huipima kila swichi na soketi kabla ya kuigusa. Hategemei rangi za nyaya. Katika nyumba za zamani waya wa moto huwa mwekundu, na katika nyaya za siku hizi huwa wa kahawia. Lakini yawezekana aliyezifunga alikosea.

Nne, hulegeza skrubu na kukivuta kifuniko mbele kidogo. Mara nyingi hakuna haja ya kuzitoa nyaya. Ikibidi kuzitoa, huchora kwanza mahali pa kila waya, kisha hufunika kila ncha kwa kihami. Hatimaye hufunika tundu kwa plastiki ili rangi isiingie.

Tano, baada ya rangi kukauka kabisa, hurudisha kila kitu mahali pake na kukaza skrubu. Ndipo huwasha swichi kuu.

UMEME UKIKATIKA

Watu wengine husema, "Leo umeme umekatika, basi tufungue soketi." Hilo ni kosa kubwa. Umeme uliokatika waweza kurudi wakati wowote bila kubisha hodi. Vivyo hivyo, umeme wa LUKU ukiisha, mtu mwingine wa nyumbani aweza kununua na kuuingiza kwenye mita wakati mwenzake ameshika waya. Hata kama nyumba ina giza, lazima swichi kuu izimwe.

MTU AKINASWA NA UMEME

Usimguse. Ukimgusa, umeme utapita kwako pia. Piga kelele kuita watu wazima, na swichi kuu izimwe mara moja. Isipowezekana kuizima, mtu mzima asimame juu ya ubao mkavu na kumtenga majeruhi na waya kwa mti mkavu, kama vile mpini wa ufagio. Kisha majeruhi apelekwe hospitali upesi, hata kama anasema hajambo.

Sasa turudi sebuleni. Rehema amemweleza baba yake habari za globu ya pili. Baba ameweka bisibisi chini, amekwenda kuzima swichi kuu, na kisha ametuma mtu amwite fundi. Rangi itachelewa siku moja, lakini sikukuu itawakuta wote wazima.

MASWALI

1. Kwa nini globu ya pili iliwaka ingawa swichi ilikuwa imezimwa?
2. Taja vipitishi vitatu na vihami vitatu vilivyomo darasani mwako.
3. Kwa nini fundi hujaribu kipimo chake kabla ya kuzima swichi kuu?
4. Umeme umekatika mtaani. Jirani anataka kufungua soketi. Utamwambia nini?
5. Mwombe mzazi au mlezi akuonyeshe swichi kuu ya nyumba yenu, au ya nyumba ya jirani yenye umeme. Usiiguse. Chora picha inayoonyesha mahali ilipo.