Lita Tatu za Ndama

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeombwa tuandike juu ya ndama, maana maswali yamekuwa mengi tangu watu walipomwona yule wetu wa nyuma ya darasa ameanza kunenepa. Tutasema tuliyoyaona wenyewe, hata yale ya aibu.

Kikundi chetu kina familia nane na ng'ombe mmoja chotara. Ndama wake wa kwanza alikuwa jike, akafa akiwa na wiki tano. Eti jicho la watu! Hapana, tulimuua sisi. Ng'ombe alikuwa anatoa lita saba kwa siku, na tangu mgao wa chakula upunguzwe hapa Uganda mwaka 2020 kila lita ina mwenyewe kabla haijakamuliwa: hii ya watoto, hii ya kuuza tununue unga, hii ya deni la dukani. Ndama alibakiziwa matone. Usiku alilala nje kwenye kamba, juu ya kinyesi na matope. Akaanza kuhara, siku ya tatu akaisha.

Mzee mmoja wa kwetu Masisi akatuuliza, "Walimu, mnafundisha watoto hesabu, ya ndama imewashinda?" Tukakaa chini, tukahesabu. Ndama anahitaji kwa siku maziwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Akiwa na kilo 30, ni lita tatu: moja na nusu asubuhi, moja na nusu jioni. Ndama jike akilishwa vizuri anaweza kuzaa akiwa na miaka miwili na nusu hivi. Akidumaa, mnaweza kumngoja mpaka wa nne, na miaka yote hiyo mnamkatia majani bure.

Kwenye kikao palikuwa na maneno makali. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alisema, "Wangu alale njaa ndama ashibe?" Hatukuwa na jibu zuri. Tukakubaliana kwamba lita nne zinazobaki, ya kwanza ni ya nyumba zenye watoto wadogo, ndipo tuuze. Deni la dukani bado tunalo.

Ndama wa pili alipozaliwa, tulianza na maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano. Zamani tulikuwa tunayamwaga tukisema ni machafu. Kumbe ndama anazaliwa karibu bila kinga, na kinga yake imo mle. Utumbo wake unaipokea vizuri kwa masaa machache tu, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Basi alikunywa kama lita mbili kabla ya masaa 6 kuisha, na nyingine kabla ya masaa 12. Kitovu tulikipaka ayodini.

Maziwa tunampa yakiwa na joto la kiwele, kwenye ndoo iliyosuguliwa. Siku za kwanza unachovya vidole viwili ndani ya maziwa, anavinyonya, unashusha mkono polepole mpaka anajua kunywa mwenyewe. Msiongeze maji kwenye maziwa. Hapo tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Maji safi yakae kwenye chombo chake peke yake, kila siku.

Wengine wanauliza kwa nini asile majani tu. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na kile kikubwa cha majani kwa ndama bado hakijaamka. Kinaamshwa kidogo kidogo. Kuanzia wiki ya pili tunamwekea majani makavu laini, matembele yaliyonyauka kidogo, na pumba za mahindi. Akizoea kula vizuri, maziwa yanapunguzwa taratibu, na kwenye miezi mitatu anaachishwa.

Kibanda tulikosea mara moja. Tulikizungushia turubai pande zote tukidhani tunamkinga na baridi, akaanza kukohoa. Ndani palikuwa na harufu ya mkojo mpaka macho yanawasha. Tukaacha turubai upande wa upepo tu. Sakafu ni ya miti, imeinuliwa nusu mita hivi kutoka ardhini, na nafasi ndogo kati ya mti na mti ili mkojo upite lakini kwato isizame. Upana mita 1.2, urefu 1.5, paa lisilovuja, nyasi kavu za kulalia. Nyasi zikilowa tunabadilisha, na hii ndiyo kazi ambayo vijana wetu wanaikimbia.

Kupe tunawatafuta ndani ya masikio kila jioni, kwa sababu ndigana kali inaletwa nao na ndama hamalizi wiki nyingi akiipata. Akihara, msimkatie maziwa. Katikati ya milo mpeni maji ya uvuguvugu yenye glukozi na chumvi kidogo. Mkiona damu, au amekataa kunywa, muiteni daktari wa mifugo siku ile ile.

Sasa ana wiki tisa. Anayetaka kuona kibanda aje saa kumi na moja jioni, wakati wa kumnywesha. Kama una matembele, njoo nayo, maana mtoto huyu anakula.