Usingoje Kamera ya Bei, Simu Yako Inatosha Kuanza

Vijana wengi mtaani wana macho ya picha, lakini wanangoja wapate kamera kubwa ndio waanze. Mbona ungoje? Mwaka wa 2015, Mmarekani Sean Baker alitoa filamu nzima, *Tangerine*, iliyorekodiwa kwa iPhone 5s. Simu uliyo nayo mfukoni leo huenda inaishinda hiyo.

Anza na vitu vya bure. Pangusa lenzi kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole ndiyo huleta ule ukungu. Washa gridi, umweke mtu wako kwenye mstari wa pembeni. Bonyeza skrini na ushikilie hadi fokasi ijifunge, kisha punguza mwanga kidogo. Zumu achana nayo, sogea kwa miguu.

Halafu jua. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hivyo adhuhuri linasimama utosini na kuwachora watu vivuli vyeusi machoni. Piga kabla ya saa mbili asubuhi, ama kuanzia saa kumi na moja jioni. Ukilazimika mchana, mwingize mtu kivulini.

Sasa ubunifu. Mvua ikinyesha Nairobi, geuza simu juu chini ili lenzi ikaribie maji ya kidimbwi. Utapata KICC mbili, moja imesimama, nyingine imepinduka. Usiku, kama simu ina modi ya Pro, weka ISO 100 na shata ya sekunde 3, iegemeze ukutani isitikisike, utumie taima. Taa za matatu zitageuka mistari mirefu ya rangi.

Na hii si ya kusaka laiki pekee. Dada anayeuza viatu vya mitumba mtandaoni anahitaji picha safi. Weka kiatu karibu na dirisha, na upande wa pili simamisha manila nyeupe irudishe mwanga. Mpigie pea 3 bure, aone tofauti, kisha mkubaliane bei.

Lakini rada ni muhimu. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na usiku usitoke peke yako: mmoja apige, mwingine alinde mgongo, wanyakuzi wa simu hawalali.

Leo jioni chukua kikombe cha chai, ukipige picha 20, kila moja kutoka pembe tofauti. Kufikia ya 15, utaanza kuona vitu ambavyo ulikuwa unavipita tu.