Je, Wajua? Kutoka Mvuje Hadi Seramu ya Uso

Mvuje, utomvu ule wenye harufu kali ambao watu wengi wa Pwani wamezoea kuwafungia watoto wachanga kuwakinga na kijicho, ndimo ilimopatikana asidi inayotiwa leo katika seramu za bei ghali. Mwaka 1866 wanakemia Hlasiwetz na Barth waliitenga kutoka kwenye utomvu huo, unaogemwa kwenye mizizi ya mimea ya jenasi Ferula huko Iran na Afghanistan. Ndiyo asidi ya feruliki. Wala harufu ya mvuje haitokani nayo. Hiyo ni ya viambata vya salfa.

Huhitaji kwenda mbali kuipata. Imo katika mchele, ngano na kahawa, na kwa wingi zaidi katika pumba za mahindi. Humo kazi yake ni kuzishikamanisha nyuzi za kuta za seli ziwe imara, na watafiti wameona kwamba mahindi ambayo ganda lake lina asidi hii kwa wingi huwa magumu kwa fukusi kuyatoboa.

Kwenye ngozi, asidi hii hufanya kazi ya antioksidanti: huzituliza molekuli haribifu zinazozalishwa na jua kabla hazijashambulia mafuta na protini za seli. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitia asilimia 0.5 tu katika mchanganyiko wa vitamini C asilimia 15 na vitamini E asilimia 1. Kinga dhidi ya mionzi ya jua ikapanda kutoka mara 4 hadi mara 8 hivi, na vitamini zenyewe zikadumu zaidi bila kuharibika. Ni matokeo ya kutia moyo sana, ingawa yalipimwa kwenye ngozi ya nguruwe.

Kwa kawaida ni asidi pole. Seramu ya namna hiyo ikichoma, mara nyingi chanzo ni vitamini C, ambayo huhitaji mchanganyiko mkali ili ipenye ngozini.

Usijisugue pumba usoni ukitaraji matokeo hayo: asidi ya humo imefungwa kwenye nyuzi, na haiachiliwi bila vimeng'enya au magadi makali. Na ukinunua seramu, usiache losheni ya kukinga jua. Seramu ikigeuka rangi ya kahawia, vitamini C imekwisha kuharibika, nunua nyingine.