Almasi ya umbo la mto: juu ya nini karati moja haifanane na karati nyingine

Mutu wa Bunia ao wa Kamituga anajua namna ya kuuzisha zahabu: ukisha jua usafi wake, gramu ni gramu, na mizani inakata maneno. Almasi haifuate sheria hiyo. Mawe mawili yanaweza kuwa na karati moja moja, rangi ile ile na usafi ule ule, na bado moja likaonekana kubwa na lenye uhai kidoleni, lingine likaonekana dogo sawa vile limejificha. Kwa umbo ambalo Wafaransa wanaita coussin, yaani mto wa kulalia, tofauti hiyo inazidi.

Tumechagua umbo hili juu njo lenye kuchanganya wanunuzi kuliko mengine. Na siku hizi mambo yanapita kwa WhatsApp: ndugu mwenye kuwa Dubai, Antwerp ao Brussels anatuma video ya pete, anasema «hii ni karati moja, bei ni nzuri, nilipe?» Na mwenye kuwa Goma ao Kisangani, mwenye kutoa feza ya uchumba, anapaswa kujibu leo leo.

Umbo la mto ni mraba ao mstatili wenye pembe zilizoviringishwa na pande zilizotuna kidogo. Ni umbo la zamani. Katika karne ya 18 na ya 19 mafundi walisugua mawe kwa mkono na kwa jicho, wakifuata namna jiwe lilivyotoka udongoni. Mawe ya wakati ule yanaitwa mpaka leo ya «migodi ya zamani», maana yake migodi ya Brazil, mbele Afrika ya Kusini haijaanza kutoa almasi nyingi. Yalisuguliwa ili yapendeze kwa mwanga wa mshumaa, kwa hiyo yana nyuso kubwa zenye kurudisha miale minene, ya polepole. (Siku umeme umekatika njo yanapendeza zaidi, kwetu hayangekosa kazi.) Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky alitoa hesabu ya kusugua almasi ya mviringo ili irudishe mwanga mwingi, na toka pale mviringo umetawala soko. Lakini mto haukupotea.

Leo kuna mito ya namna mbili, na wanunuzi wengi hawaambiwe. Ya kwanza iko karibu na ile ya zamani: ukiangalia ndani unaona vipande vikubwa vya mwanga na giza, sawa na ubao wa dama. Ya pili imeongezewa safu ya nyuso ndogo upande wa chini, na inametameta kwa vitone vingi vidogo, kama barafu iliyosagwa. Maabara ya GIA ya Marekani, ambayo vyeti vyake vinaaminiwa sana sokoni, mara nyingi inaandika ya kwanza «Cushion Brilliant» na ya pili «Cushion Modified Brilliant». Jina pekee halitoshi, sababu kuna mawe ya jina la pili yenye sura ya kwanza. Omba video ambamo jiwe linageuzwa polepole, mbali na taa kali za duka. Taa za duka zinapendezesha hata kioo.

Iliyo nzuri ni ipi? Kwa macho yetu, ile yenye vipande vikubwa ina heshima zaidi, na mutu anaiona toka mbali. Lakini ile ya barafu iliyosagwa inaficha vidoa vizuri zaidi, kwa hiyo unaweza kushuka ngazi moja ya usafi bila jicho kujua. Inakusanya pia rangi. Njo maana mafundi wanaipenda kwa almasi za manjano ya kweli, wanazotaka zionekane manjano zaidi. Kwa jiwe unalotaka liwe jeupe, tabia hiyo inakuumiza. GIA inapima rangi kwa herufi toka D, isiyo na rangi kabisa, mpaka Z. Herufi ya H kwenye mviringo inaweza kuonekana nyeupe kabisa. H hiyo hiyo kwenye mto inaweza kuonyesha umanjano kidogo pembeni. Kama pete ni ya zahabu ya manjano, usijisumbue sana, chuma chenyewe kitaifunika.

Kwenye vipimo njo penye feza inapotea. Karati ni uzito tu: karati moja ni gramu 0.2. Uzito hauonyeshe jiwe limepanuka ao limezama. Chukua mfano wa mito miwili ya karati moja. Wa kwanza una milimita 5.5 kwa 5.4, na kina cha 4.0. Wa pili una 5.9 kwa 5.7, na kina cha 3.6. Ukizidisha urefu na upana, wa pili unaonyesha uso mkubwa kuliko wa kwanza kwa karibu 13 kwa mia. Uzito wa wa kwanza uko chini, ndani ya pete, pahali ambapo hakuna mutu ataona, na wewe umeulipa. Gawanya kina kwa upana: wa kwanza unatoa 74 kwa mia, wa pili 63. Mito mingi mizuri inakaa kati ya 61 na 68 hivi. Ukiona 73 ao zaidi, uliza sababu. Ukiona kidogo sana, mwanga unapita chini na katikati panakuwa kama dirisha.

Gawanya pia urefu kwa upana. Kati ya 1.00 na 1.05 jicho linaona mraba. Toka 1.15 kupanda unaona mstatili, na kwenye mistatili angalia kama kuna kivuli cheusi chenye umbo la kipepeo katikati. Wengine hawajali kivuli hicho. Sisi hatungekilipia.

Musitafute kwenye cheti alama ya jumla ya usuguaji. GIA ilianza kutoa alama hiyo mwaka 2006 kwa almasi za mviringo. Cheti cha kawaida cha mto kinataja ulaini na ulinganifu tu. Muuzaji akikuambia «imeandikwa Excellent», muulize ni Excellent ya kitu gani.

Bei nayo ina milango yake. Bei ya kila karati inaruka kwenye namba kama 1.00 na 1.50. Jiwe la 0.95 lililosuguliwa vizuri linaweza kuonekana kubwa kuliko la 1.00 lililozama, na linauzishwa kwa bei ya chini. Kwa jumla mto unagharimu kidogo kuliko mviringo wa uzito ule ule, juu mviringo unakula sehemu kubwa ya jiwe bichi, mara nyingi nusu ao zaidi. Mto unabakiza zaidi.

Jambo hilo la kubakiza linawahusu pia wenye kuchimba katika Tshopo. Mnunuzi anapoinua jiwe bichi na kuliangalia kwa lensi, hanunue uzito ulio kwenye mizani. Anahesabu ni umbo gani litatoka ndani na karati ngapi zitakuwa vumbi. Tazama jiwe la Incomparable, lililotoka Mbuji-Mayi. Liliokotwa na mtoto mwanamke katika rundo la takataka za mgodi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, likiwa na karati 890. Lilisuguliwa likabaki 407.48. Baadaye wenyewe walilisugua tena wakaacha karati zaidi ya mia moja, ili rangi yake ya manjano itoke vizuri: likabaki 303.10, lenye umbo la tone. Mwezi wa 12 mwaka 2022 liliuzishwa New York kwa zaidi ya dolari milioni 12. Mchimbaji mwenye kujua kusoma umbo la jiwe lake, ufa wake na pahali doa limekaa, anabishana bei akiwa na neno la kusema.

Turudi kwa pete. Almasi za maabara ni almasi kweli, kaboni ile ile, na bei yake imeanguka sana katika miaka ya karibuni. Si vibaya kuzinunua; wizi ni kuuziwa moja kwa bei ya ile iliyotoka udongoni. Kile kifaa kidogo cha kupima joto, ambacho wauzaji wengi wanatembea nacho, hakiwezi kuzitenganisha, na kinadanganywa hata na moissanite, ambayo si almasi. Cheti njo kinasema, kama kweli ni cha jiwe lile. Namba ya cheti mara nyingi imechorwa kwa laser kwenye mkanda wa jiwe, unaisoma kwa lensi. Andika namba hiyo kwenye ukurasa wa GIA na ulinganishe vipimo vyote vitatu, milimita kwa milimita.

Na mutu akikuonyesha «cheti cha Kimberley cha pete hii», simama. Mpango wa Kimberley, ulioanza kazi mwaka 2003, unahusu almasi mbichi tu, kifurushi kwa kifurushi, zinapovuka mpaka. Kwetu Congo cheti hicho kinatolewa na CEEC. Pete dukani haina cheti cha namna hiyo. Unachoweza kuomba ni fakitire ambamo muuzaji anaandika kwamba jiwe halikutoka katika biashara ya vita. Vilevile, ndugu wa Ulaya akikuomba umpelekee jiwe bichi mfukoni ili alisuguliwe kule kwa bei rahisi, ujue kwamba bila karatasi hizo jiwe linaweza kukamatwa uwanjani, na wewe pamoja nalo.