Albumini na Watoto Wachanga wa Goma

Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, nayo huzuia maji yasivuje kutoka mishipani. Kwa kuwa watoto njiti huzaliwa wakiwa nayo kidogo, ilidhaniwa kwamba kuwaongezea kwa dripu kungewasaidia, dhana ambayo utafiti haujaithibitisha. Uchunguzi wa FEAST, uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania na kutangazwa mwaka 2011, uliwahusu watoto wagonjwa wenye umri wa siku 60 na zaidi, si wachanga. Hata hivyo unatisha, maana katika waliomiminiwa albumini haraka walikufa asilimia 10.6 ndani ya saa 48, na katika wasiomiminiwa asilimia 7.3. Kwa hiyo hospitali za Goma, kama vile Charité Maternelle, zitangulize oksijeni, maziwa ya mama na joto la kifua chake, kabla ya chupa ghali ya albumini.